Fahamu: Kwa nini mkoa wa Mara hauna stesheni ya makutano

Stesheni ya makutano ni kituo ambapo njia mbili au zaidi za reli hukutana, abiria wakabadili treni na mabehewa yakapangwa upya, kama ilivyo Tabora, ambako njia ya Mwanza huachana na ile ya Kigoma. Musoma, Bunda na Butiama, mkoani Mara, hazina kituo cha namna hiyo, na chanzo chake ni Ziwa Victoria lenyewe: reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, meli ndizo zilizoiunganisha Musoma na reli, na njia iliyotoka Tabora, ilipofika Mwanza mwaka 1928, ilikomea hapo. Mpango wa reli ya Tanga–Arusha–Musoma umetajwa kwa miaka mingi, ila katikati kuna Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na hapo ndipo ugumu ulipo.

Hata hivyo, Bunda, ambako barabara za Mwanza, Musoma na Kisorya hukutana, ni makutano kamili, isipokuwa yanahudumiwa na mabasi na daladala.