Mawese hayaoshi mapafu

Wandugu wa mine, kwetu wengi wanaamini kama maziwa ao mafuta ya mawese yanaosha vumbi ndani ya kifua. Na kweli, kuna dawa ya mapafu iko na jina la ngazi ndani. Tuiangalie vizuri.

Mapafu iko na vifuko vya hewa vidogo sana, mamilioni na mamilioni. Ndani vinapakwa utando wa mafuta, surfaktanti, unaozuia vifuko visinatane wakati mutu anatosha pumzi. Mutoto anayezaliwa mbele ya wakati hana utando wa kutosha: kila pumzi kwake ni kama kupuliza mupira mupya. Mary Ellen Avery na Jere Mead walionyesha jambo hilo kule Boston mwaka 1959. Lakini dawa haikukuwa bado. Mwezi wa nane 1963, Patrick, mutoto wa Rais Kennedy, aliishi siku mbili tu. Hata White House haikumusaidia.

Mwaka 1980, munganga wa Japani, Tetsuro Fujiwara, alitibu watoto 10 kwa surfaktanti ya mapafu ya ngombe. Aliiongezea mafuta mengine, kati yao asidi palmitiki. Jina hilo linatoka kwa mti wa ngazi, sababu mawese imejaa asidi hiyo: karibu 44 kwa mia. Lakini ile ya dawa imesafishwa, imepimwa, na munganga anaipitisha kwa kamupira mpaka mu njia ya pumzi. Haiko chupa ya soko!

Mawese unayomeza inaenda mu tumbo. Na mama anayetia mafuta mu pua ya mutoto mwenye mafua, aache: yakishuka mu mapafu, yanaleta nimonia.

Sisi, ugonjwa wetu ni mwingine. Vumbi la jiwe linaacha makovu mu mapafu, na hakuna surfaktanti wala maziwa ya kuyatosha. Nimeona mukubwa wa kazi akigawa paketi ya maziwa kwisha kazi, huku maski zenye filtre zikikosa. Delege wa sendika akubali maziwa, ni chakula, lakini asisinie kama ni kinga. Aombe maji kwenye mashine ya kutoboa, hewa chini, maski, na radio ya kifua kila mwaka, majibu yake yapewe mufanyakazi mwenyewe mu mukono.