Mwalimu wa Wauguzi Asiyeiacha Wodi

Kila uhaba wa wauguzi unapolalamikiwa, jawabu la haraka ni kudahili wanafunzi wengi zaidi. Watafundishwa na nani? Nchini Marekani, mwaka 2023 pekee, vyuo vya uuguzi vilikataa maombi 65,766 ya watu waliotimiza sifa za kusomea shahada, na upungufu wa wakufunzi ni miongoni mwa sababu ambazo vyuo hivyo hutaja mara kwa mara. Mwaka huohuo, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, dunia ilipungukiwa wauguzi milioni 5.8. Wenye hamu ya kusoma wapo. Wanaokosekana ni wa kuwapokea. Kwa sababu hiyo shahada ya uzamili ya ukufunzi wa uuguzi, inayosomwa kwa njia ya mtandao, haifai kudharauliwa kuwa njia ya mkato.

Mkufunzi hutoka miongoni mwa wauguzi wazoefu, walewale ambao wodi inawategemea. Masomo ya darasani humtaka aache kazi na kuhamia mji wenye chuo kikuu, mara nyingi kwa miaka miwili. Akiruhusiwa, wenzake hubeba zamu zake. Akinyimwa ruhusa, chuo hukosa mwalimu. Ni kuziba tundu la kanzu kwa kiraka kilichokatwa kwenye kanzu ileile. Masomo ya mtandaoni humwacha kazini: asubuhi yuko na wagonjwa, jioni yuko na vitabu.

Wapinzani husema uuguzi ni kazi ya mikono, na mikono haifundishwi kwenye kioo cha kompyuta. Ni kweli kwa anayeanza. Lakini anayeingia uzamili huu amekwisha kusajiliwa na mikono yake inajua kazi. Anachokifuata ni elimu nyingine: kupanga mtaala, kutunga mitihani, kumsahihisha mwanafunzi bila kumvunja moyo. Chukua mtihani wa vitendo wa vituo, ambao Ronald Harden wa Dundee, Uskoti, na wenzake waliueleza mwaka 1975. Mwanafunzi hupita kituo hadi kituo, na kila kimoja kina kazi yake na orodha yake ya alama. Kujua kuweka mpira wa mkojo ni jambo moja. Kuwapima wanafunzi thelathini kwa kipimo kimoja bila upendeleo ni jambo jingine, na hilo la pili linaweza kujadiliwa, kuandikwa na kusahihishwa kwa mbali.

Kenya ilijaribu jambo gumu kuliko hilo. Mwaka 2005 shirika la AMREF, Baraza la Wauguzi la nchi hiyo na washirika wao walianzisha masomo ya kielektroniki ili wauguzi wa ngazi ya cheti wapande hadi stashahada wakiwa kazini. Yalitumia vituo vya kompyuta, na mazoezi ya hospitalini hayakuondolewa. Maelfu ya wauguzi walijiunga. Ikiwa uuguzi wenyewe uliweza kufundishwa hivyo, sioni kwa nini ufundi wa kuufundisha ushindikane.

Hoja nyingine zina uzito zaidi. Intaneti hukatika na bando ni ghali, hivyo programu isiyoruhusu kupakua masomo na kuyasoma baadaye haimfai muuguzi wa kijijini. Kuna pia suala la kutambuliwa: Mtanzania anayetaka shahada ya chuo cha nje aulize Tume ya Vyuo Vikuu na Baraza la Uuguzi na Ukunga kabla ya kulipa ada. Tena mtandao hauponyi maslahi duni. Huko Marekani muuguzi mwenye uzamili mara nyingi hulipwa zaidi hospitalini kuliko chuoni, na mkufunzi asiyethaminiwa atarudi wodini hata kama alisoma kwa urahisi.

Yote hayo yanadai uangalifu katika kuchagua, hayadai njia yenyewe ifungwe. Mfumo wa video na wingi wa vitabu havitoshi kuipima programu. Anayetaka kujiunga aulize: nani atakaa nyuma ya darasa, au kando ya kitanda cha mgonjwa, anitazame nikifundisha na kuniambia nilipokosea? Chuo kinachotaja jina la msimamizi na hospitali ya mazoezi kinaandaa mwalimu. Kisicho na jibu kinauza cheti.