Kruzi kwenye pikapu ya zamani: Je, fedha inarudi?

Kwa mfanyabiashara anayesomba dagaa kwa pikapu kutoka Kiriba, Musoma Vijijini, hadi soko la Mwaloni, Kirumba jijini Mwanza, dizeli ni gharama isiyokwepeka kila safari. Njia mojawapo inayotajwa kuipunguza ni kufunga kifaa cha kushika mwendo, ambacho mafundi hukiita kruzi. Suala la kibiashara ni iwapo fedha inayowekwa humo inarudi, na kwa muda gani.

Kifaa hiki si kipya. Kilibuniwa na mhandisi wa Marekani, Ralph Teetor, ambaye alikuwa kipofu tangu utotoni. Alipata hataza mwaka 1950, na kampuni ya Chrysler ikakiweka katika baadhi ya magari yake ya mwaka 1958.

Kinavyofanya kazi

Kruzi ya kufunga baadaye ina sehemu kuu nne: kihisi cha mwendo, boksi la umeme, mota ya kuvuta waya wa mafuta, na swichi za dereva. Pikapu nyingi za zamani zina spidomita inayozungushwa kwa waya, hivyo hazitoi ishara ya umeme. Fundi hulazimika kufunga sumaku kwenye propela na kuweka kihisi kando yake. Gari likipanda mlima na mwendo kushuka, boksi huamuru mota ivute mafuta. Mwendo ukizidi, mota hulegeza.

Hata hivyo, kruzi ya aina hii haifungi breki. Kwenye mteremko, gari lenye mzigo linaweza kupita mwendo uliowekwa, na dereva ndiye anayepaswa kulizuia.

Zipo mota za umeme na zile zinazotumia vakyumu. Injini ya petroli huzalisha vakyumu yenyewe wakati wa kuvuta hewa. Injini ya dizeli haina, na pikapu nyingi za aina hiyo hupata vakyumu ya breki kutoka pampu ndogo iliyo nyuma ya oltaneta. Kuchota vakyumu hiyo kwa ajili ya kruzi ni kugusa mfumo wa breki wa gari la mizigo. Kwa dizeli, mota ya umeme, ambayo waya wake hufungwa kwenye mkono wa pampu ya nozeli, ndiyo salama zaidi.

Mambo ya kukagua kabla ya kulipa

Kwanza, kruzi lazima ikate mara breki inapokanyagwa. Pili, ikate klachi inapokanyagwa, la sivyo injini itapiga resi kali. Tatu, waya wa mafuta uwe na nafasi ya kurudi hadi silensa bila kukwama. Nne, njia ya umeme iwe na fyuzi yake. Taa za breki zikaguliwe pia, kwa kuwa baadhi ya kruzi hutegemea waya wa taa hizo ili kukata. Aidha, kampuni ya bima iarifiwe kuhusu mabadiliko hayo.

Baadhi ya pikapu za dizeli zina kitufe cha kuvuta resi kwa mkono, kilichowekwa kwa ajili ya injini wakati gari limesimama. Kukitumia barabarani badala ya kruzi ni hatari kubwa: dereva akikanyaga breki, injini huendelea kusukuma. Akiba ya dizeli haiwezi kulipa mzigo uliopinduka, sembuse maisha ya dereva na utingo.

Hesabu ya mfanyabiashara

Akiba hutokana na mambo mawili: mwendo usiopandapanda, na mwendo wenyewe kuwa wa chini. La pili ndilo kubwa. Ukinzani wa hewa hupungua kwa asilimia 36 gari linaposhuka kutoka kilometa 100 hadi 80 kwa saa. Dereva mtulivu anaweza kupata sehemu kubwa ya akiba hiyo kwa mguu wake, bila kununua kitu.

Chukua mfano. Iwapo kifaa na ufundi vinagharimu sawa na lita 200 za dizeli, na kila safari ya kwenda na kurudi inaokoa lita 2, zinahitajika safari 100. Kwa safari mbili kwa wiki, fedha inarudi baada ya karibu mwaka mzima. Kwa safari moja, ni karibu miaka miwili.

Njia nayo hupunguza akiba. Musoma hadi Mwanza ni takriban kilometa 220, lakini kruzi haifai kote. Kati ya Bunda na Lamadi barabara inapita kando ya Hifadhi ya Serengeti, na wanyama huvuka. Lamadi, Magu na Kisesa kuna watu wengi na matuta, na penye makazi kikomo ni kilometa 50 kwa saa. Kwenye barabara za vijijini kifaa hakina kazi.

Kwa anayeuza Musoma mjini au Bunda pekee, kruzi ni mtaji uliolala. Fedha hiyo itafanya kazi zaidi kwenye nozeli, kisafisha hewa na upepo sahihi wa matairi. Anayekwenda Mwanza kila wiki anaweza kuifikiria, baada ya kurekebisha hayo. EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Siku hiyo ndiyo ya kurudia hesabu, kwani dizeli ikipanda kuliko bei ya kifaa, safari za kurudisha fedha hupungua.