Kabla ya kununua kitabu cha maktaba

Katika shule zetu za Biblia ndugu wengi wanapewa kazi ya kutafuta vitabu vya maktaba bila kufundishwa namna ya kuvichagua. Pesa ni kidogo. Kitabu kisichosomwa kinakula nafasi ya kile mwanafunzi anachohitaji.

Kwanza, anza na wasomaji. Waulize walimu wanafundisha masomo gani mwaka huu, na wanafunzi wanasoma lugha gani: Kiswahili, Kifaransa, au zote mbili.

Pili, angalia rafu kabla ya kuagiza. Kisha andika mwandishi, toleo na namba ya ISBN. Tangu 2007 namba hiyo ina tarakimu 13. Ukiiandika sawasawa, hutaletewa kitabu kingine chenye jina linalofanana.

Tatu, usipokee kila zawadi. Sanduku la vitabu vya Kiingereza visivyo na msomaji lina gharama zake: usafiri, ushuru, rafu. Omba orodha kwanza, uchague, na mengine uyakatae kwa upole na shukrani.

Nne, usiamue peke yako. Mchungaji, mwalimu na mwanafunzi wapitie orodha pamoja. Anayeshika pesa asiwe yeye anayeandika daftari. Kila kitabu kiandikiwe tarehe, bei, na aliyekiuza au aliyekitoa, risiti zitunzwe.

Katika Luka 14:28 Yesu anasema juu ya mjenzi anayeketi kwanza kuhesabu gharama. Sadaka ya mama anayeuza mihogo sokoni inastahili hesabu hiyo.