Kazi na Malezi: Mzazi Asilazimishwe Kuchagua Moja



Mwezi huu tuongee juu ya jambo ambalo sisi walimu tunaliona kwenye daftari la mahudhurio. Mama akipata kazi Bujumbura, iwe kufagia hoteli, kushona nguo kule Buyenzi ao kupika kwa watu, wa kwanza kukosa shule ni binti yake mkubwa. Anabaki kubeba mdogo wake ao kumtunza bibi mgonjwa. Ukimuuliza, jibu ni lile lile: bosi wa mama hataki kusikia habari za mtoto.

Je, bosi anaweza kukataa tu hivi hivi? Sheria zina neno.

Sheria ya kazi ya Burundi ya 1993 ilimpa mama aliyejifungua likizo ya wiki 12, zilizoweza kufika 14. Tarehe 24 Novemba 2020 ilitoka sheria mpya iliyochukua nafasi yake, na hiyo ndiyo ya kuangalia leo. Kwetu Kongo, sheria ya kazi ya 2002 iliandika wiki 14, pamoja na mapumziko mawili ya nusu saa kila siku kwa mama anayenyonyesha. Tanzania, sheria ya 2004 iliruhusu mpaka saa mbili kwa siku za kunyonyesha, na baba naye akapewa siku 3 mtoto akizaliwa.

Na sisi wakimbizi? Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kifungu cha 24, unasema mkimbizi anayekaa nchini kihalali atendewe kama mwenyeji katika mshahara, saa za kazi na likizo yenye malipo. Burundi iliingia katika mkataba huo mwaka 1963.

Lakini tuseme ukweli: wengi wetu tunafanya kazi za kusikilizana kwa mdomo, bila karatasi. Hapo maongezi mazuri ndiyo yanasaidia. Jaribu hivi:

1. Sema mapema, usingoje siku mgonjwa amekwisha kuzidiwa.
2. Peleka ombi pamoja na jibu lake. Mfano: "Bosi, naomba niingie saa mbili badala ya saa moja, nami nitatoka saa kumi na moja badala ya saa kumi." Hapo anaona kazi yake haipotei.
3. Sikilizana na mwenzako mbadilishane zamu, halafu bosi ajulishwe.
4. Tunza karatasi za kituo cha afya, ndizo shahidi wako.
5. Mkikubaliana, andikeni, hata kwenye karatasi ya daftari, mtie saini wote wawili.

Na nyinyi wenye saluni, duka ao cherehani mbili tatu, mkumbuke kwamba nanyi ni mabosi. Fundi anayeruhusiwa kwenda kunyonyesha anarudi na moyo wa kazi. Ukimfukuza, utaanza kumfundisha mwingine tangu mwanzo.

Neno la mwisho ni kwa akina baba. Mkataba namba 156 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1981, unataja wafanyakazi wanaume na wanawake wenye majukumu ya familia, siyo mama peke yake. Baba ambaye leo hana kazi, abaki na mtoto, binti aende shule. Hakuna aibu hapo.

Tunawangojea mabinti zetu darasani.