Mbona Susa Haiuzwi Uwanjani?

Kila nchi ina kinywaji chake cha kumlaki na kumuaga msafiri. Katika viwanja vikubwa vya ndege, abiria anayengoja safari huketi baani akaonja pombe ya mahali hapo, ili aondoke na ladha ya nchi aliyoizuru. Hapa Kenya aghalabu huletewa Tusker, bia ya kampuni iliyoanzishwa mwaka 1922, ambayo jina lake huhusishwa na ndovu aliyemuua mmoja wa waasisi wake, George Hurst, mwaka 1923. Hata bia, basi, hubeba historia.

Je, msafiri aondokaye Kaskazini Mashariki huonjeshwa nini? Sisemi pombe. Wakazi wengi wa Garissa, Wajir na Mandera ni Waislamu, na kuwadai baa ni kuwakosea adabu. Hata hivyo, eneo hili lina kinywaji chake kilichochachuliwa kwa ufundi usiopungua ule wa watengeneza bia. Nacho ni susa, yaani maziwa ya ngamia yaliyochacha. Nimewahi kungoja ndege katika uwanja mmoja mdogo wa huko. Mezani palikuwa na soda, maji ya chupa na chai ya maziwa ya pakiti. Nje ya ua, hatua chache tu, akina mama walikuwa wakiuza maziwa ya ngamia.

Ufundi wa susa si haba. Kwanza chombo hufukizwa kwa moshi wa kuni teule, moshi ambao hupunguza vijidudu na kuyapa maziwa harufu yake. Kisha maziwa huachwa kwa siku moja au mbili. Bakteria hugeuza sukari iliyomo kuwa asidi, na asidi hiyo huzuia uozo. Ndivyo wafugaji walivyohifadhi maziwa katika joto kali pasipo friji. Katika bia, kazi kama hiyo hufanywa na hamira, ambayo hugeuza sukari kuwa kileo.

Jambo hili si la anasa. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022, misimu mitano ya mvua ilikosa kunyesha ipasavyo kaskazini mwa Kenya. Ng'ombe walikufa kwa wingi, ilhali ngamia, mstahimilivu wa kiu, aliendelea kukamuliwa katika maboma mengi. Biashara ya maziwa yake imo zaidi mikononi mwa wanawake, nayo huwalipia watoto karo. Maziwa hayo husafirishwa kwa basi hadi mtaa wa Eastleigh, Nairobi, ambako wanunuzi hawakosekani. Ikiwa Nairobi huyatafuta, mbona nyumbani tuyafiche?

Yupo atakayeuliza kuhusu usafi, na swali lake ni la haki. Maziwa yakipita mikono mingi ndani ya madumu ya plastiki huharibika, na wahenga walikwisha kutuonya kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Dawa yake ni vyombo vya chuma vinavyosafishika, mitambo ya kupozea na upimaji wa kila shehena. Serikali za kaunti zinaweza kuyasimamia hayo, kisha zikawapangishia akina mama hao kibanda ndani ya uwanja kwa kodi nafuu. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Nanyi walimu, mna sehemu yenu. Tufundishapo upumuaji usiotumia oksijeni, mifano yetu ni mkate na bia. Mwanafunzi wa Wajir hukariri kazi ya hamira katika kiwanda ambacho hajapata kukiona, wala hatumwulizi nyanya yake hufukiza chombo kwa mti gani, na kwa nini. Mwulizeni. Mpeni kazi ya kupima asidi ya susa siku ya kwanza, ya pili na ya tatu, aandike matokeo. Kijana aliyeielewa susa kwa njia hiyo hataona haya kumwekea msafiri mezani.