Macho ya Msomaji Hutua Wapi Kwenye Tovuti?



Taasisi nyingi hutumia fedha kutengeneza tovuti, kisha hupima mafanikio kwa idadi ya watu walioifungua. Lakini kuufungua ukurasa siyo kuusoma. Katika makala hii tunaeleza njia moja ya kujua mgeni anatazama nini hasa, yaani ufuatiliaji wa macho.

Kifaa chake huwekwa chini ya kioo cha kompyuta. Hutoa mwanga usioonekana, na kamera hupiga picha za mboni pamoja na mng'ao wa mwanga huo juu ya jicho. Kutokana na picha hizo, programu hukokotoa mahali mtu anapotazama. Tunaposoma, jicho haliendi moja kwa moja. Hutua kama robo sekunde, kisha huruka. Mituo hiyo huchorwa juu ya ukurasa kwa rangi, nyekundu ikionyesha palipotazamwa sana.

Mwaka 2006 mtaalamu Jakob Nielsen alitoa matokeo ya uchunguzi wa watu 232. Mara nyingi walisoma mistari ya juu, wakashuka na kusoma kipande kifupi zaidi, kisha wakateremka upande wa kushoto. Alama zilifanana na herufi F.

Baadhi ya watu walidhani F ni kanuni ya kupanga kurasa. Mwaka 2017 kampuni ya Nielsen Norman Group ilifafanua kuwa hali hiyo hutokea pale maandishi yanapojazana bila vichwa vidogo wala orodha. Ni dalili kwamba msomaji amekosa mwongozo, wala si mfano wa kuigwa.

Kipimo hiki kina mipaka yake. Kinaonyesha wapi mtu ametazama, hakionyeshi kwa nini. Aliyekazia macho neno moja huenda amevutiwa, au huenda hakulielewa. Ndiyo maana wachunguzi humpa kazi, kwa mfano kutafuta namba ya simu, huangalia kama amefaulu, kisha humuuliza.

Sehemu hiyo ya mwisho haihitaji kifaa. Kabla kamati haijamlipa mtengenezaji wa tovuti, tunashauri iwaketishe watu watano wasioijua, mmoja mmoja, iwape kazi hiyo na kuwatazama bila kuwasaidia. Wakishindwa, ukurasa ndio urekebishwe.